Kitabu Kilichofungwa Huibwa

Katika baraza moja la ushairi hapa Unguja, baada ya mashairi kwisha na kahawa kuletwa, rafiki yangu mmoja, mtunzi mwenye diwani mbili na jina lililoenea, alisema maneno ambayo wengi waliyaitikia kwa vichwa. Alisema kuwa kitabu kitolewacho bure hakisomwi, na kwamba mwandishi anayekubali kazi yake inakiliwe na kila mtu amejidharau mwenyewe na ameidharau lugha. Nilinyamaza, kwa kuwa nilikuwa mgeni wake na kikombe chake kilikuwa mkononi mwangu. Leo simo barazani kwake, na makala haya ndiyo jibu langu.

Nitataja tangu mwanzo ninachokitetea, nisije nikahukumiwa kwa nisilolisema. Natetea kwamba vitabu vya kiada vya vyuo, hasa vile vya kufundishia Kiswahili na fasihi yake, viandikwe kwa Kiswahili, mwandishi alipwe mara moja kwa fedha ya umma, kisha kitabu kitolewe kwa ruhusa ya maandishi ya kwamba mtu yeyote aweza kukisoma, kukinakili, kukisahihisha, kukifasiri na kukigawa bila kulipa na bila kwenda kuomba. Sizungumzii diwani wala riwaya. Mashairi yangu nitaendelea kuyauza kwa wachache wanaoyanunua. Nazungumzia kile kitabu ambacho bila ya hicho mwanafunzi hawezi kufaulu na mwalimu hawezi kufundisha.

Fikra hii haikunijia kwa kusoma. Mimi sikusoma chuoni. Elimu yangu ni ya kuazima vitabu na kuvinakili kwa mkono usiku ili nivirudishe asubuhi. Fikra hii nilipewa Isikizya.

Msomaji wa pwani huenda hapajui Isikizya. Ndipo makao makuu ya Wilaya ya Uyui, mkoani Tabora, katika nchi ya tumbaku, asali na miti ya miombo. Miaka michache iliyopita mpwa wangu alihamishiwa kazi huko, nami nikaenda kumtazama. Jirani yake alikuwa mwalimu wa Kiswahili wa sekondari, mwanamke kijana mwenye stashahada, ambaye alikuwa akisomea shahada kwa njia ya masafa huku akiendelea kufundisha. Aliposikia kuwa jirani amepata mgeni kutoka visiwani, tena mshairi, alikuja jioni ile ile.

"Shikamoo, mzee," akasema. "Samahani kwa kukusumbua na uchovu wa safari. Nina swali moja tu. Neno 'mbwa' lina mizani ngapi?"

Nilicheka kidogo, nikamjibu kuwa ni mizani mbili. Ile m ya 'mbwa' ina sauti yake yenyewe na husimama kama silabi, na ndiyo sababu mshororo unaolihesabu neno hilo kuwa mizani moja hupwaya masikioni. Katika 'mbuzi', m imeegemea b, hivyo mbu ni moja na zi ni ya pili. Akashusha pumzi. Akanieleza kuwa darasa lake limegawanyika juu ya jambo hilo kwa muhula mzima, na yeye mwenyewe hakuwa na pa kuuliza, kwa sababu ukurasa unaolieleza haumo katika desa lake.

Wasomaji waliopita vyuoni wanalijua neno hilo. Desa ni nakala ya nakala: kurasa zilizotolewa kivuli katika duka la stesheneri, zikapita mkono hadi mkono, mwaka hadi mwaka, hata asili yake haijulikani tena. La kwake lilikuwa limeshonwa kwa uzi. Jalada halikuwapo, jina la mwandishi halikuwapo, na anwani ilikuwa imeandikwa juu kwa kalamu. Nilipolifungua, nilikuta sentensi ninazozijua. Lilikuwa kitabu changu, kile kijitabu cha arudhi nilichokiandika zaidi ya miaka ishirini nyuma.

Nikiri kwamba jambo la kwanza lililonipanda ni hasira. Nilihisi kama mtu aliyekuta kanzu yake imevaliwa na mwingine sokoni. Nilimuuliza, kwa sauti ambayo leo naionea haya, kwa nini hakununua kitabu chenyewe. Akanijibu kwa adabu kwamba alikitafuta katika maduka ya Tabora mjini hakukipata, akamwagiza ndugu yake Dar es Salaam naye hakukipata. Hapo hasira ikanigeukia mwenyewe, kwa kuwa nilijua alichokisema ni kweli. Mchapishaji wa kitabu kile, ambaye sitamtaja, aliacha kukipiga chapa zamani. Hakichapi, hakinirudishii haki yangu, wala hajibu barua. Mkataba niliutia saini kwa furaha ya kijana anayeona jina lake litatoka kitabuni, bila ya kuusoma.

Basi tazameni hesabu yake. Kitabu kimelindwa na sheria dhidi ya kunakiliwa, na ulinzi huo haumpi mwandishi hata senti, haumpi mchapishaji hata senti, na unamnyima msomaji kitabu. Kilichokiweka hai miaka yote hiyo ni mashine ya kutolea kivuli na wanafunzi ambao rafiki yangu angewaita wezi. Lau si wao, kazi yangu ingekuwa imezikwa. Lakini kuokolewa kwa wizi nako kuna hasara yake. Nakala ya kuibwa haina mtu wa kuihakikisha, hivyo wino ukififia umefifia, na ukurasa ukidondoka hakuna ajuaye kwamba ulikuwapo. Mwalimu yule alikuwa anafundisha sheria za ushairi kwa kitabu chenye tundu mahali pa mizani, na wanafunzi wake nao watakuwa walimu. Huo ndio msiba ninaousema: kitabu kilichofungwa huibwa, na kikiibwa hufika pungufu.

Sasa nirudi kwa rafiki yangu na neno lake. Kiswahili kina 'bure', na neno hilo lina maana mbili zinazokaa nyumba moja: kisicholipiwa, na kisicho na faida. Twasema fulani kapewa bure, na twasema fulani kahangaika bure. Rafiki yangu aliitumia maana ya pili kuihukumu ile ya kwanza, na watu wakaitikia kwa kuwa sikio limezoea. Lakini lugha yetu haikuishia hapo. Tuna 'huria', na nchi hii imelitumia neno hilo kwa elimu ya juu kwa zaidi ya miaka thelathini. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa sheria ya 1992 na kikapokea wanafunzi wake wa kwanza 1994, ili mtu asome akiwa kazini na kwao, pasipo kuhamia mjini. Hapo 'huria' ni sifa ya mlango. Swali langu ni dogo: mlango ukiwa huria na kitabu kikiwa na kufuli, aliyeingia amekwenda kusoma nini?

Na watu wa pwani tuna neno lililo bora kuliko yote mawili, nalo ni wakfu. Babu zetu walijua kutia kitabu wakfu. Mwenye kitabu aliandika katika ukurasa wake kwamba amekitoa kwa ajili ya Mungu na kwa ajili ya wenye kutafuta elimu, hivyo hakiuzwi, hakirithiwi, wala hakitolewi zawadi. Katika Msikiti wa Riyadha, Lamu, ambao hati zake zilipigwa picha katika miaka ya 2010 kwa msaada wa Maktaba ya Uingereza, mna vitabu vilivyotiwa wakfu kwa namna hiyo. Je, kuna aliyethubutu kusema kuwa kitabu cha wakfu hakina thamani kwa sababu hakina bei? Kilitolewa nje ya soko kwa kuwa kilionekana ni cha thamani mno.

Leseni huria inayozungumzwa duniani leo ni jamaa wa wakfu. Ni maneno machache yanayoandikwa katika ukurasa wa hakimiliki, ambayo kwayo mwandishi, akibaki kuwa mwandishi na jina lake likibaki pale pale, hutoa ruhusa mapema kwa kila mtu. Zile zinazojulikana zaidi, za Creative Commons, zilianza kutolewa 2002. Mwaka huo huo UNESCO iliitisha mkutano Paris ambao ndio uliolipa jambo hili jina la rasilimali huria za elimu, na Novemba 2019 Mkutano Mkuu wa shirika hilo, ambalo nchi yetu ni mwanachama wake, ulipitisha pendekezo la kuzihimiza nchi zote ziandae na kuzieneza rasilimali hizo. Kuna tofauti moja tu kubwa na wakfu wa wazee. Wakfu ulikuwa wa kitabu kimoja kile kile, kikae msikitini au chuoni kisomwe. Leseni ni ya maneno yaliyomo, ambayo yaweza kuwa katika nakala elfu kwa wakati mmoja, na ambayo mtu mwingine aweza kuyasahihisha mradi aseme kuwa kayasahihisha.

Sehemu hiyo ya kusahihisha ndiyo roho ya maneno yangu, na ndipo ninapoachana na baadhi ya wale walio upande wangu. Wapo wanaodhani kuwa kazi imekwisha pale kitabu kinapopatikana bila malipo. Kwa kuwaonyesha kosa lao nitarudi Tabora, lakini Tabora ya zamani.

Burton na Speke walipoifikia Kazeh, Novemba 1857, waliukuta mji wa wafanyabiashara katika nchi ya Unyanyembe, pale njia ya kutoka Bagamoyo inapogawanyika, moja ikishika Ujiji na nyingine kaskazini. Ilikuwa njia ya pembe na ya watumwa, na sisi wa visiwani hatuna haki ya kuisahau nusu ile ya pili. Ilikuwa pia njia ya wapagazi wa Kinyamwezi, ambao mabega yao yalibeba pembe kwenda pwani na kurudi na shanga, nyaya na nguo. Nguo iliyotamalaki kupita zote ilikuwa merikani, pamba ngumu isiyopakwa rangi, iliyofumwa Marekani na kushushwa Unguja kwa marobota. Bara ilikuwa vazi na ilikuwa fedha. Hongo ililipwa kwa merikani. Na mwenye kuivaa Unyanyembe hakuwa na neno katika upana wake wala uzi wake. Ilikuja imekwisha.

Nasema kwamba kitabu cha bure kisichoweza kubadilishwa, au kinachoweza kubadilishwa lakini hapana anayekibadilisha, ni merikani mpya. Chuo Kikuu cha Rice, Texas, kimekuwa kikitoa tangu 2012 vitabu vya vyuo viitwavyo OpenStax, vya fizikia, biolojia, uchumi na mengineyo, ambavyo kila mwenye simu aweza kuvisoma bila kulipa. Ni kazi njema na nawaombea heri. Lakini vimeandikwa kwa Kiingereza, kwa mwanafunzi wa Marekani, na mifano yao ni ya maisha ya kwao. Mwanafunzi wa Tabora akipewa kitabu hicho kama kilivyo, amevishwa. Wapolandi hawakukubali kuvishwa. Walikichukua kitabu cha fizikia cha hao hao, wakakiandika kwa lugha yao, na 2018 wakaanza kukitoa kwa vyuo vyao. Waliweza kwa kuwa leseni iliwaruhusu, na kwa kuwa walikuwapo watu waliolipwa kuifanya kazi hiyo.

Wala hatuhitaji kwenda mpaka Poland. Mwaka 2005 ulianzishwa mpango wa TESSA, wa kuandaa masomo ya kuwafunza walimu katika Afrika kusini mwa Sahara, ukishirikisha vyuo vya nchi kadhaa, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kikiwa kimojawapo. Masomo yake yalitolewa kwa leseni huria na kwa lugha nne: Kiingereza, Kifaransa, Kiarabu na Kiswahili. Basi asiniambie mtu kuwa Kiswahili hakiwezi, au kuwa jambo hili ni ndoto ya mshairi. Limekwisha kufanyika hapa hapa, kwa ajili ya walimu. Linalotakiwa ni lifanyike kwa upana, na lifanyike katika somo ambalo hatuna udhuru nalo kabisa, yaani Kiswahili chenyewe. Idara ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam imekuwa ikifundisha kwa Kiswahili tangu 1970. Istilahi zipo, wataalamu wapo, mihadhara imekwisha kuandikwa na kurudiwa mara nyingi. Fizikia yaweza kudai kwamba ingali yangoja maneno. Arudhi, fonolojia na nadharia ya fasihi zinangoja nini?

Hapa sina budi kusema na sisi wenyewe, watu wa visiwa na mwambao, maana ukaidi mwingine ni wetu. Tunapenda kusema kuwa ushairi ni wetu na wa bara wamekuja nyuma. Na kwa kuwa ni wetu, tunaufungia. Nyumba ngapi za pwani zina tenzi sandukuni, zikiliwa na mchwa, huku wenyewe wakikataa hata zisipigwe picha? Nawajua wanaokataa kwa sababu ya haki, kwa kuwa wazee wao walitoa hati zikaenda na hazikurudi. Hao siwalaumu. Nawalaumu wale wanaokataa ili elimu isienee. Tazameni limepata faida gani hilo. Muyaka bin Haji alifariki Mombasa 1840, na mashairi yake yalisubiri miaka 100 kamili kutoka katika diwani, iliyochapishwa 1940, Johannesburg. Tulijifungia sisi, funguo akawa nazo mwingine.

Na wale wa bara tunaowafungia ni akina nani? Kitabu kilichowafundisha watunzi wengi zaidi kanuni za ushairi wa Kiswahili katika karne iliyopita, Sheria za Kutunga Mashairi, kilichotoka 1954, kiliandikwa na Kaluta Amri Abedi, na Kaluta Amri Abedi alizaliwa Ujiji, mwisho wa njia ile ile ya misafara. Mathias Mnyampala, aliyeueneza utungo wa ngonjera nchi nzima, alitoka Dodoma. Misafara ilipeleka Kiswahili bara, na bara ikaturudishia sheria za ushairi wetu zikiwa zimepangwa na kuandikwa. Mimi mwenyewe nilijifunza vina na mizani katika kitabu cha Amri Abedi cha kuazima, nikakinakili katika madaftari matatu. Kama nakala ni wizi, basi nami ni mwizi wa zamani, na hasira yangu ya Isikizya ilikuwa ya mwizi aliyeibiwa.

Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inailinda kazi kwa maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Amri Abedi alifariki 1964. Hesabu ifanyeni wenyewe. Lakini kungoja kaburi la mtu litimize miaka 50 ndipo mwanafunzi apate kitabu si sera ya elimu.

Najua swali linalonisubiri, kwa kuwa rafiki yangu aliliuliza pale pale barazani: mwandishi atakula nini? Ni swali la haki, na anayelipuuza hajawahi kuishi kwa kalamu. Jibu langu ni kwamba mwandishi wa kitabu cha kiada asile kwa mwanafunzi mmoja mmoja. Alipwe na umma, alipwe vizuri, na alipwe kabla. Mwalimu wa chuo cha serikali analipwa mshahara na kodi ya mkulima wa tumbaku wa Uyui. Mihadhara yake ameiandaa kwa mshahara huo. Kisha mihadhara hiyo inageuka kitabu, kitabu kinafungwa, na mtoto wa mkulima yule yule anaambiwa alipe tena ili akisome. Mara moja amelipa baba, mara ya pili alipe mtoto, na asipoweza anaitwa mwizi. Katika mpango huu mwizi ni nani?

Tena mfano wa kulipa mapema tunao. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza 2023, inampa mshindi fedha kutoka serikalini na kugharimia uchapaji wa kazi yake ili ifike shuleni. Nilifurahi kuona mashairi na riwaya za Kiswahili zikiheshimiwa hivyo. Ikiwa serikali yaweza kumlipa mtunzi wa riwaya, yashindwa nini kumlipa mwandishi wa kitabu cha arudhi cha mwaka wa kwanza, kwa sharti kwamba kikikamilika ni cha wote? Vyuo vyenyewe vyaweza kumpunguzia mwalimu vipindi kwa mwaka mmoja aandike, na kukihesabu kitabu chake huria katika kupandishwa cheo kama kinavyohesabiwa kile kilichochapishwa na kampuni ya ng'ambo.

Wengine wanahofia ubora. Wanasema kila mtu akiruhusiwa kubadilisha, kitabu kitaharibiwa na wajinga. Nawauliza: hivi sasa kinabadilishwa na nani? Kinabadilishwa na wino uliofifia na kurasa zilizodondoka. Katika kitabu huria kuna nakala ya asili inayojulikana ilipo, ina tarehe na jina la chuo kilichoihariri, na kila mwenye kubadilisha analazimika kutangaza mabadiliko yake. Mwenye shaka anarudi kwenye asili akalinganisha. Mwalimu wangu wa Isikizya hakuwa na asili ya kurudia.

Na wapo wanaosema kuwa haya ni mambo ya intaneti, na bara hakuna umeme wa kutosha wala fedha ya vifurushi. Hawa hawakulielewa jambo. Uhuria umo katika ruhusa, na ruhusa huandikwa hata juu ya karatasi. Kitabu chenye ruhusa chaweza kuchapwa na mwenye stesheneri wa Tabora kwa bei ya karatasi na wino, mchana kweupe, kikiwa na jalada, jina la mwandishi na kurasa zote. Mtu yule yule tunayemwita mharamia atakuwa mpiga chapa wetu halali. Ninachokidai kwake ni kitu kimoja, ahakikishe ukurasa haukudondoka.

Basi nayasema madai yangu kwa ufupi. Kila chuo cha umma, Bara na Zanzibar, kinachofundisha Kiswahili, kitangaze kwamba vitabu na mihadhara vilivyoandikwa kwa fedha ya umma vitatolewa kwa leseni inayoruhusu kunakili na kubadilisha. Leseni inayoruhusu kusoma tu haitoshi, kwa maana haimruhusu mfasiri kufasiri wala mwalimu kuweka mfano wa kwao. Wachapishaji walioacha kuvipiga chapa vitabu wawarudishie waandishi haki zao. Nasi watunzi wa visiwani, tulio na miswada ya arudhi na tafsiri za tenzi mitoni mwetu, tuitie wakfu tungali hai.

Nisije nikaambiwa kwamba nahubiri nisilolitenda. Kijitabu changu cha zamani siwezi kukitoa, kwa kuwa nilikifunga mwenyewe kwa saini yangu. Kwa hiyo nimeanza kuandika kingine tangu mwanzo, kwa maneno mapya na mifano mipya, na kitatoka na leseni ya kuruhusu kila kitu isipokuwa kulifuta jina la aliyekiandika. Ukurasa wa kwanza kukamilika ni ule wa neno 'mbwa'. Nilimtumia mwalimu yule Isikizya kwa simu, nikamwambia kuwa una ruhusa ya kuugawa na kuubadilisha.

Baada ya wiki moja aliurudisha ukiwa na masahihisho mawili. Katika mifano yangu ya sauti inayosimama peke yake nilikuwa nimeweka neno 'nswi', kama wasemavyo watunzi wa kale kwa samaki. Alilikata. Aliandika pembeni, kwa heshima zote, kwamba wanafunzi wake hawajapata kulisikia, na badala yake akaweka 'nta', kwa kuwa Uyui ni nchi ya nyuki na hakuna mtoto asiyeijua. Nimelikubali sahihisho hilo, na limo kitabuni pamoja na maelezo kwamba limetoka Isikizya. La pili bado tunabishana.